Mipaka ya Ghorofa ya Tatu

Ilitangazwa kwa umma, kwa vipaza sauti na kwa matarumbeta, kwamba hakuna mfanyabiashara atakayepeleka mali yake nje kabla Kurugenzi ya Ulinganishaji wa Nchi za Nje haijamlinganishia nchi hizo kitaalamu. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesoma tangazo, na aliposhuka jukwaani alijiona kabisa kuwa ameliokoa taifa.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Fungu la safari lilikuwa limekwisha, kwa sababu Mkurugenzi na mkewe walikuwa wamekwenda ng'ambo kujifunza namna bora ya kusafiri. Lakini yeye hakuwa mtu wa kukwama. Aliamuru nchi ziletwe ofisini.

Masjala ikawa Nchi ya Baridi: feni zikawashwa, karani akavishwa koti zito. Uhasibu ikawa Nchi Tajiri, na mhasibu hakuhitaji kubadilisha chochote. Stoo ya mwisho wa korido, pamoja na choo kilichopakana nayo, ikawa Nchi Jirani, chini ya mtunza stoo, mama mtaratibu ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mtengeneza sabuni. Soko la nyumbani lilikuwa limeshiba, sabuni zimejaa mpaka sebuleni kwake, na mafundi wake walikuwa wameanza kuutazama mlango wa kutokea.

"Utazuru nchi tatu kabla ya chakula cha mchana," Mkurugenzi alimwambia. "Nani mwingine anakupa huduma hiyo?"

"Hakuna, Mkurugenzi," akajibu yule mama, na kwa kweli hakukuwa na mwingine.

Katika Nchi ya Baridi, karani alimweleza kwamba raia wake hawatoki jasho, kwa hiyo sabuni haina soko.

"Mbona wewe umelowa chapachapa, mwanangu?"

"Hii ni theluji, mama. Inayeyuka."

Nchi Tajiri ilimtaka mdhamini, kisha mdhamini wa mdhamini, kisha ikaenda kunywa chai. Nchi Jirani ilikinusa kipande cha sabuni, ikanawa mikono, ikanusa tena.

"Lete katoni," alisema Shangazi. "Choo chetu hakijaonja sabuni tangu kijengwe."

Biashara ikafunguka. Mkurugenzi akatuma taarifa wizarani kwamba ulinganishaji umezaa matunda, na wizara ikajibu kwamba inakuja kuyaona.

Wakati huohuo nchi nazo zilikuwa zinakua. Masjala ilifunga kamba mlangoni. Uhasibu ilimrudisha mpeleka chai kwa kukosa viza. Mkurugenzi hakukasirika, aliona huo ndio uhalisia wenyewe. Wageni wa wizara walipofika, alisimama katikati ya korido akatamka kwamba kuanzia saa hiyo kila chumba ni dola kamili, na hakuna mtu, awe wa cheo gani, atakayevuka mpaka bila kibali. Alipigiwa makofi. Chakula cha wageni kilikuwa kingi, naye alikula kwa niaba ya taifa.

Alasiri tumbo lilianza kumsokota. Akatoka mbio kuelekea mwisho wa korido, akakuta kamba, meza, na Shangazi.

"Madhumuni ya safari?"

"Haja, Shangazi. Nipishe."

"Ndogo au kubwa? Kubwa tunaihesabu kama ukaazi."

"Nchi hii nimeiunda mimi."

"Wakoloni wote husema hivyo," alisema Shangazi bila kuinua sauti. "Una mwenyeji? Sheria inataka mwekezaji wa humu akudhamini."

Mwekezaji alikuwa mmoja tu. Mtengeneza sabuni alikuwa amekaa juu ya mzigo wake mpya, akipanga vipande kwenye beseni. Mkurugenzi aliegemea ukuta, jasho likimchuruzika kwenye tai.

"Mama, nidhamini. Tafadhali sana."

Yule mama alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa makini ya mtu mwenye biashara yake. Kisha akatazama nyuma ya Mkurugenzi, ambako karani, mhasibu na wageni wawili wa wizara, waliokula chakula kilekile, walikuwa wameshajipanga.

"Sina haraka," alisema. "Ngoja kwanza niwalinganishe."

Mkurugenzi akaelekezwa mwisho wa foleni. Alikwenda polepole, magoti yamebanana, akiwaomba radhi wananchi.