Gari la Baba Lisilopiga Kelele

Jumamosi, 3 Mei

Nimeamua. Gari la baba nitalitengeneza mwenyewe, hapa hapa uani, kwa mikono hii. Sababu naziandika ili nisizisahau nikiwa nimelala chini ya injini.

Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, baba anapasuliwa jicho la kulia. Ukungu umeyafunika macho yote mawili. Uso wangu anaukisia tu. Nafasi tumeisubiri miezi saba. Na baba kasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia alipokuwa dereva wa lori, kwamba ataenda kwa gari lake au hataenda kabisa. Teksi hapandi. Pikapu ya shemeji hapandi. Na gari lake liko chini ya turubai tangu siku alipogonga ukuta akidhani ni kivuli.

Mke wangu kashauri nimwite kaka yake, ambaye ni fundi wa kweli, mwenye gereji na kucha nyeusi. Nimekataa. Huyo shemeji bado anawasimulia watu siku niliyotia maji ya rejeta kwenye tundu la oili. Ilikuwa mara moja! Isitoshe, sitaki gari liwake tu. Nataka liwe zuri kuliko lilivyopata kuwa. Nataka baba akae ndani, asikilize, aseme nimefanya vizuri. Nina miaka arobaini na mitatu na maneno hayo sijayasikia kinywani mwake.

Jumapili, 4 Mei

Betri mpya. Plagi mpya. Nyaya za plagi nilizichomoa zote nne kwa mpigo, ndipo nikagundua kwamba zinafanana. Injini ikapiga chafya, ikatoa moshi, ikanyamaza. Jirani akafunga madirisha. Nikajaribu mpangilio mwingine. Na mwingine. Saa nane mchana likawaka! Niliruka kwa furaha nikajigonga kwenye boneti. Nundu ninayo.

Shemeji alipita, eti kumsalimia mzee. Akaegemea ukuta, akaniuliza kwa upole kama injini imepona mafua. Akakagua breki zote bila kuombwa, akakaza hiki na kile, akanawa mikono, akaenda zake. Watu wengine hawajui mipaka.

Jumanne, 6 Mei

Jana kazini (nasoma mita za maji) niliwaza kutwa nzima. Kasoro ya gari hili si injini. Ni kelele! Ekzosi inanguruma. Mlango wa abiria wa mbele unalia. Dashibodi inagongagonga. Nyuma, upande wa kushoto, kuna kitu kinachosema "kloku" kila tukipita tuta. Aibu hii tunaishi nayo tangu nikiwa darasa la pili.

Leo nimeomba ruhusa. Ekzosi mpya nimefunga. Bushi mpya za nyuma, dawa ya ile "kloku", nimefunga, kwa saa tano na ngozi ya vidole viwili. Bawaba za mlango nimezipaka grisi mpaka zinateleza. Nyuma ya dashibodi nimeshindilia sponji ya godoro. Mke wangu kauliza godoro lipi. Nimemwambia la wageni. Si la wageni.

Halafu urembo: kava mpya za viti, kava laini ya usukani, kirungu kipya cha gia. Zimebaki boliti tatu kwenye ndoo. Maana yake gari limekuwa jepesi.

Vyuma vya zamani nimempa mnunua vyuma chakavu. Alishukuru mno, hadi nikapata wasiwasi kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwita shemeji aje aone. Makusudi. Nikawasha gari, nikamwambia asikilize. Kimya! Nilisimama kifua mbele. Yeye akaingia chini ya gari, akakaa huko muda, akaomba zile boliti tatu, akazirudisha mahali pake bila kucheka. Angecheka ningeumia kidogo tu.

Kisha akauliza swali moja: mzee keshalisikia? Nikamjibu hapana, nataka kumshtukiza. Akajikuna kidevu. Akasema mzee huu ni mwaka wa pili halioni gari lake. Nikamwambia najua, ndiyo maana anakwenda kupasuliwa. Akaniaga.

Kijicho tu.

Alhamisi, 8 Mei

Leo mazoezi. Nimemshika baba mkono mpaka kwenye gari. Akapapasa mlango, akaufungua, ukafunguka bila sauti. Akasita. Akaketi, akapapasa kiti. Akanyoosha mkono, akaigonga dashibodi kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya kila safari. Haikumjibu.

Nikawasha. Tukakaa. Baada ya muda akauliza nangoja nini, si niwashe. Nikamwambia, huku najiona, kwamba limewaka zamani.

Hakusema nimefanya vizuri. Aliuliza gari hili la nani.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nimeuza gari lake. Nimemwona haoni, nikaliuza, nikaleta jingine, nikadhani hatajua. Nikaapa kwa kila ninachokijua. Nikamshika mkono nikauweka kwenye usukani. Akagusa ile kava laini, akaurudisha mkono haraka, kama aliyeshika mali ya mtu. Akashuka mwenyewe akitafuta ukuta. Akasema kesho haendi popote. Chumba chake kimefungwa kwa komeo.

Mke wangu hakunigombeza. Alikaa mezani akiitazama karatasi ya hospitali. Afadhali angenigombeza.

Nimeumia. Wiki nzima nilidhani namrembea baba gari, kumbe namfutia. Ekzosi ile, mlango ule, "kloku" ile, ndivyo alivyokuwa akiliona. Na tukikosa kesho, zamu yetu inarudi mwisho wa foleni, na yeye anaendelea kukisia nyuso zetu. Haya yote ni kazi ya mikono yangu.

Lakini nina wazo.

Ijumaa, 9 Mei

Wazo lilikuwa kurudisha kelele. Mnunua vyuma keshauza kila kitu. Basi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani natia mchanga kwenye bawaba. Nikaning'iniza kopo la misumari chini ya dashibodi. Nikatoboa ekzosi mpya kwa nyundo! Mke wangu alitazama kutoka jikoni, akafunga pazia.

Nikaliwasha chini ya dirisha la baba. Lilitoa mlio wa kabati la vyombo likianguka. Baba akasema kutoka ndani kwamba kuna mtu katia misumari kwenye kopo, na ni ya inchi tatu.

Saa mbili na nusu. Hospitali ni mwendo wa saa nzima. Ujanja ukaniishia. Nikakaa sakafuni nje ya mlango wake, nikasema ukweli kwa mara ya kwanza wiki hii: gari ni lile lile, ila nimeliondolea kila kitu alichokijua.

Kisha akauliza, nimetoa nini?

Nikataja. Ekzosi, iliyopasuka siku aliyopanda ukingo wa barabara akimkimbiza mama kujifungua dada. Ile "kloku" ya nyuma, iliyoanza tulipobeba saruji ya nyumba hii. Dashibodi, iliyolegea nilipoifungua nikiwa na miaka tisa, namtafuta mtu anayesoma habari redioni. Hapo nilimsikia akikohoa, au akicheka. Mlango wa abiria niliuacha mwisho. Nikasema ulikuwa unalia kwa sababu marehemu mama aliubamiza kila alipokasirika, na alikasirika kila baba alipokimbiza gari. Nikasema nimeutia grisi. Nikamwomba radhi. Nililia pia, mkubwa mzima, sakafuni.

Komeo likafunguka. Akasema hayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Basi gari ni lenyewe, ila limeangukia mikono mibaya. Akauliza saa ngapi, na viatu vyake viko wapi.

Tulifika saa nne kasoro dakika tano. Njia nzima aliniambia nakanyaga klachi vibaya. Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Jumapili, 11 Mei

Bandeji imetolewa. Baba anaona!

Kwanza alimtazama mke wangu, akamwambia amekonda. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Akasema nimezeeka. Alilisema kwa upole nisiouzoea, akanishika bega, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Halafu akaomba kutoka nje, uani. Alilizunguka gari polepole, akafungua mlango, akaziona kava za viti. Zina madoa ya chui. Dukani zilinivutia sana. Akasimama pale, kisha akamuuliza mke wangu kama hilo jicho la pili ni lazima lipasuliwe.

Ni lazima. Baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo baba amenikalisha kitako, shemeji akiwa shahidi, akaniambia mpaka siku hiyo nisiguse injini, ekzosi, bushi, milango, dashibodi, viti wala usukani wa gari lake. Alivitaja kimoja kimoja, na kwa kila kimoja niliitikia ndiyo, baba. Niliitikia kwa moyo wote. Nimepata somo kubwa wiki hii na sitalisahau maishani.

Honi hakuitaja.