Paka Wako Bontle na Beseni la Mchanga

Lobatse,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Boipelo,

Natumaini huko Francistown hamjambo. Mimi kaka yako mwili ni mzima; heshima ndiyo inayoumwa. Ulipohama ukaniachia paka wako Bontle, ulisema, "Kaka, huyu ana adabu kuliko wajukuu zako." Nimekaa naye miezi mitano. Naomba usome haya ukiwa umekaa.

1. Nilimnunulia beseni pana, nikalijaza mchanga safi, nikaliweka kando ya mashine ya kufulia. Wiki mbili sasa hakanyagi humo. Analichungulia kutoka mlangoni kama mkaguzi wa shule, kisha anakwenda kukojoa kwenye kiatu changu cha kanisani. Cha kushoto tu.

2. Nilipoficha viatu, alihamia kwenye joho langu la kwaya. Nililifua, nikalipulizia manukato, nikalivaa. Mwimbaji wetu Mma Sethunya akanigeukia mbele ya waumini wote: "Rre Oteng, kumbe leo tuna sauti ya tano? Hii tunaisikia kwa pua!" Mchungaji alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Nimeongoza kwaya ile miaka ishirini na mitatu, Boipelo.

3. Nilimfokea. Mara tatu nilimbeba hadi kwenye beseni nikamsimamia. Alilia kidogo, akakimbia. Huo si usahaulifu, ni uasi wenye mpango.

4. Leo asubuhi amekojoa kwenye sinki, ananitazama usoni. Matone machache tu. Nadhani ya dharau.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uje Jumamosi na kikapu umchukue, na umwombee radhi mbele ya kwaya nzima. Ukikataa, nitaitisha kikao cha wajomba ili afutwe katika ukoo wetu.

Wasalimie shemeji, watoto, na majirani wote wenye viatu vikavu.

Wako, mwenye subira iliyobaki kiduchu,
Kaka yako Oteng Molatlhegi,
Mwalimu Mkuu Mstaafu

N.B. Leo ni Ijumaa, na barua bado ninayo. Jumatatu nilimpeleka Bontle kwa daktari wa mifugo, nikitaka aniandikie cheti cha utovu wa nidhamu. Alimpapasa tumbo, akauliza beseni liko wapi, akaniambia, "Mzee, huyu anaumwa kibofu. Kila akikojoa anaungua. Na beseni lenyewe umeliweka kando ya mashine inayonguruma! Ungekuwa wewe, ungekwenda?"

Amekunywa dawa siku nne. Beseni nimelihamishia chumbani kwangu, kwenye kona tulivu. Jana aliingia humo mwenyewe, akakojoa mkojo mwingi, akafukia vizuri. Nilipiga makofi peke yangu, machozi yakanitoka. Zile kelele zangu bado hajazisamehe. Nikimwita ananipa mgongo. Lakini usiku amelala miguuni pangu.

Jumamosi ijayo njoo tule chakula. Kikapu kiache huko huko.