Dirisha la Shangazi

Sukari alipomwona yule mama amesimama gatini, miwani myeusi usoni, shingo ameipinda akitazama madirisha ya orofa ya nne, alijua riziki imemfuata kwa miguu yake yenyewe.

Jina la Sukari alilipata kwa sababu ya ulimi, maana kiungo kingine chake hakuna aliyewahi kukiona kikifanya kazi. Alikuwa na mgongo mbovu. Mgongo huo ulikuwa mzima akikimbilia kivuko na mzima zaidi akicheza muziki, ila ukiuonyesha ndoo ya maji, unakatika papo hapo. Aliishi kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyestaafu, katika moja ya yale maghala ya zamani yaliyogeuzwa nyumba za kupanga. Wenyeji walikuwa wamezoea harufu ya kamba mbichi na mafuta ya injini, na honi ya kivuko iliyotikisa vikombe kabatini kila alfajiri. Kisha wakaja wageni wenye uwezo. Karakana ya chini ikawa mkahawa wa viti virefu, na ghafla kila mtu mjini akataka dirisha linalotazama maji.

Shangazi alikuwa nalo, na alikuwa amelichoka.

"Mwanangu, magoti yangu na ngazi hizi hatuelewani tena," alikuwa akimwambia. "Tuhamie ng'ambo, jirani na dada yangu. Kipo chumba cha chini. Nisaidie kushusha vyombo tu."

"Ningependa, shangazi. Lakini mgongo huu!"

Ngazi zenyewe zilikuwa nyembamba, kabati halipiti hata ulisemeshe vizuri. Vitu vikubwa vilipita dirishani, kwa kamba na kapi la kushushia mizigo lililokuwa limening'inia nje tangu enzi za maghala. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye mgongo. Basi shangazi akabaki juu, na Sukari akabaki na paa la bure, mali pekee aliyokuwa nayo duniani.

"Unatafuta nyumba, mama?" alimuuliza yule wa miwani. "Mimi ndiye mwenyewe wa pale juu. Sikodishi kwa kila mtu, lakini wewe nimekuona una heshima ya maji."

Heshima ya maji! Mtu wa kutunga maneno kama hayo kabla ya chai anastahili kuogopwa.

Shangazi alikuwa kwa jirani. Mama akapanda ngazi, akasimama dirishani, akashusha pumzi. "Nitalipa mwaka mzima," alisema. "Ila mimi sitoi hela kwenye nyumba yenye kabati la mtu. Kesho kutwa nikute tupu, sakafu imefagiliwa. Vyombo nitamtuma mtu wangu mwenye tishari la mizigo avipokee hapo chini." Akavua saa ya dhahabu mkononi. "Shika hii iwe rehani."

Sukari hakulala kwa furaha. Kesho kutwa ilikuwa siku ya shangazi ya kliniki, anatoka asubuhi, anarudi jioni. Vyombo vitashushwa, tishari, mwenyewe akiahidiwa hela kidogo, litajificha nyuma ya gati, mama atalipa na kwenda kufuata mizigo yake, kisha kila kitu kitapandishwa tena. Wiki ijayo mama akirudi na virago, atamkuta bibi wa watu anayeapa hajui lolote, na Sukari atakuwa kwa rafiki akingoja upepo upite. Aibu ya kumwachia shangazi fedheha hiyo ilimgusa kidogo, akaifukuza.

Siku ilipofika, shangazi alijifunga kitambaa, akachukua mkoba. "Jitunze mgongo, baba," alisema, akashuka.

Haikupita dakika, mgongo ukapona. Sukari alishusha cherehani. Akashusha kabati, huku mwenye tishari akilielekeza kutoka chini: "Taratibu, mkuu! Hilo lina kioo!" Akashusha kitanda, meza, masufuria, na kile kiti cha shangazi cha kuegemea. Kamba ilimchuna viganja, jasho likamwingia machoni, wateja wa mkahawa wakainua vichwa kumshangilia. Mwisho akatazama godoro lake mwenyewe kwenye kona. Tupu ni tupu, alijisemea, akalishusha nalo.

"Sasa zunguka nyuma ya gati!" alipiga kelele.

"Nimekusikia, mkuu!"

Akafagia. Hodi ikabishwa. Akafungua akitabasamu tabasamu la mwenye nyumba, akamkuta msimamizi wa jengo.

"Aa, umemaliza? Hongera," msimamizi alisema. "Shangazi yako alitoa notisi ya kuhama tangu mwezi uliopita, wapangaji wapya wanaingia mchana. Nipe ufunguo."

Sukari alikimbilia dirishani. Tishari halikuzunguka popote. Lilikuwa limeshika njia ya ng'ambo, nyoofu, bila haraka. Mlango wa kabati ulikuwa wazi, na kwenye kioo chake mama wa miwani, bila miwani, alikuwa akirekebisha nywele. Kando yake, kwenye kile kiti, ameegemea kama malkia, alikaa shangazi.

Akaitazama saa ya dhahabu. Ilikuwa imesimama saa sita kamili, kama zilivyosimama saa zote za bandia alizowauzia abiria wa kivuko mwaka jana. Kumbe Sukari naye ameingizwa mjini, tena kwa bidhaa yake mwenyewe.

"Shangazi!" aliita. "Umenifanyia nini?"

"Mimi?" sauti ikarudi juu ya maji, na mkahawa mzima ukatega masikio. "Umenihamisha mwenyewe, Mungu akubariki! Godoro lako ninalo. Panda kivuko, njoo. Mlangoni kuna ndoo mbili za maji, uingie nazo."

Tishari likasogea, kisha shangazi akageuka tena kitini.

"Na huo mgongo unaendeleaje, baba?"