Ziara Rasmi ya Dakika Arobaini na Mbili

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba Kaunti ya Wendell ndiyo ya kwanza katika Iowa nzima kukomesha tabia ya wageni kutembelea makumbusho ovyo ovyo. Nasema haya nikiwa mhusika. Mimi ni Dwight Ostergaard, Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kuratibu Matembezi, na nyaraka zote nitakazozitaja hapa niliziandika kwa mkono wangu.

Kabla Kamati haijaingilia kati, hali ilikuwa ya kusikitisha. Makumbusho ya mji wetu wa Pruitt Landing yamo katika jengo la zamani la stesheni ya reli, na kwa miaka ishirini na sita yalikuwa mikononi mwa mjane mmoja, Bi Marlys Tvedt. Mgeni akiingia, alikaribishwa kahawa, akaulizwa ametoka wapi, kisha akaachwa azunguke apendavyo. Wengine walianzia kulia, wengine kushoto. Tuna kumbukumbu ya familia moja kutoka Dubuque iliyokaa saa tatu mbele ya mashine moja tu ya kupukuchua mahindi, kwa sababu Bi Marlys alikuwa akiwasimulia jinsi ilivyomkata mhubiri kidole, na mhubiri yule akafunga kitambaa akaendelea na ibada hadi sala ya mwisho. Familia iliondoka ikicheka. Hakuna fomu iliyojazwa.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lowell Haverkamp, aliliona tatizo hili mapema. Ni mtu wa maono. Ndiye aliyesimamisha kule barabara kuu kibao kinachoelekeza watu kwenye kibao kingine. Tena wakati ulikuwa mgumu. Kiwanda cha siagi kilikuwa kimefungwa, hoteli imebaki na vyumba vinne vyenye mashuka, na jimbo lilikuwa likituma mkaguzi kuamua kama mji wetu unastahili kuingizwa kwenye ramani ya watalii. Mji usiokuwa kwenye ramani hiyo hupitwa kama nguzo ya umeme.

Mkaguzi angefika siku ya Sikukuu ya Mafuriko, Jumamosi ya kwanza ya Juni. Siku hiyo tunaadhimisha mafuriko ya mwaka 1903, ambapo August Haverkamp, babu yake Mwenyekiti, alipiga makasia peke yake kutwa nzima akaokoa watu kumi na tisa. Kila mtoto wa shule hapa kwetu anaijua habari hiyo, maana iko kwenye mtihani. Mwaka huu tulikuwa tumeandaa kuzindua sanamu yake.

Kamati ilikaa vikao vinne, ikapitisha Ziara Rasmi. Ziara ina dakika arobaini na mbili. Mgeni anaingia mlango wa mashariki, anavaa hedifoni, anafuata mishale iliyobandikwa sakafuni, na sauti ya Mwenyekiti inamweleza anachokitazama na anavyopaswa kujisikia. Kitu chochote kisichokuwa na maelezo yaliyoidhinishwa kiliamriwa kutolewa nje.

Bi Marlys naye hakuwa na maelezo yaliyoidhinishwa. Kamati ilimteua kuwa Mratibu wa Mapokezi ya Nje, wadhifa mpya unaotekelezwa kutoka kwenye kiti cha kukunja katika maegesho ya magari. Barua niliipeleka mimi. Huyu mama alinifundisha shule ya Jumapili nikiwa na miaka sita, kwa hiyo niliisoma kwa sauti ya kiofisi ili tusichanganye mambo.

Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

“Dwight, mwanangu, hii maana yake nimefukuzwa?”

“Hapana, Bi Marlys. Umesogezwa karibu zaidi na wageni.”

Alikwenda kuchukua koti lake. Mlangoni akageuka, akaniambia kahawa bado ina moto, nisiiache ipoe bure. Niliinywa. Haikuwa kwenye orodha ya mali ya makumbusho, hivyo hapakuwa na kizuizi chochote cha kisheria. Lakini sitaficha kwamba kikombe nilikiosha mara mbili.

Vitu thelathini na kimoja vilitolewa nje siku ile kusubiri lori la taka. Mwenyekiti alivikagua mwenyewe, orodha mkononi. Chini ya ngazi palikuwa na pipa kuukuu lenye pete za chuma, akauliza ni la nini. Bi Marlys, aliyeitwa kutoka maegeshoni, alimjibu kuwa lililetwa na Lucille, marehemu mama yake Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema marehemu mama yake alikuwa na mapenzi ya kugawa vitu, na kama pipa halina karatasi, basi litoke. Bi Marlys alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara ya pili Mwenyekiti alimkumbusha kwamba yeye ni mtu mwenye shughuli nyingi. Pipa likabingirishwa nje.

Wiki ya kwanza ya Ziara Rasmi ilikuwa ya mafanikio. Waliingia watu kumi na mmoja, na tisa kati yao wakatoka kwa wakati. Wawili waliobaki, mume na mke kutoka Des Moines, walifuata mishale ambayo kwa bahati mbaya fundi alikuwa ameibandika kwa duara, wakaizunguka ofisi ya mkuu wa stesheni hadi tulipokwenda kufunga. Kamati iliwaandikia barua ya pongezi kwa utii wao.

Huko maegeshoni mambo yalikwenda kinyume na waraka. Lori la taka lilichelewa. Wageni waliposhuka kwenye magari walimkuta Bi Marlys na chupa yake ya kahawa, katikati ya vitu thelathini na kimoja, wakamuuliza hiki nini na kile nini. Hawakufika tena ndani. Walirudi kwenye magari yao kuchukua viti, wakakaa. Katika ripoti yangu niliwaandika kama “wageni walio katika hatua ya maandalizi.” Ilipofika Alhamisi, walio katika hatua ya maandalizi walikuwa mia moja na sitini.

Mwenyekiti aliamuru eneo lizungushiwe kamba. Hilo lilikuwa agizo zuri lenye matokeo mabaya kidogo. Watu wakiona kamba hudhani ndani yake kuna kitu cha thamani, na sasa hata madereva wa malori ya nguruwe wakaanza kusimama.

Siku ya Sikukuu ikafika. Bendi ya shule ilipiga, nyama za nguruwe zikakaangwa, mahindi yakachemshwa. Sanamu ilisimama pembezoni mwa maegesho, imefunikwa turubai, na jukwaa lilikuwa mgongo wa lori lililopambwa bendera. Mkaguzi wa jimbo alikuwa mwanamke mfupi, Bi Renata Quiñones, mwenye daftari dogo na maneno machache. Tulimvisha hedifoni, akaingia mlango wa mashariki saa nne na nusu.

Saa nne na dakika arobaini na tisa alitokea kwenye mlango wa dharura. Nilimweleza kwa adabu kwamba bado ana dakika ishirini na tatu. Akasema anahitaji hewa.

Hewa aliyoihitaji ilikuwa ndani ya kamba. Alipenya kati ya watu, akavitazama vile vitu kimoja kimoja, akasimama mbele ya pipa. Akamuuliza Bi Marlys lina habari gani.

Bi Marlys akafunga chupa ya kahawa. Nimemjua mama huyu maisha yangu yote na sijawahi kumwona akimnyima mgeni habari. Alikunja mikono yake, akasema habari ya pipa hilo ina mwenyewe, na bila ruhusa ya mwenyewe haisemeki. Mkaguzi akauliza mwenyewe ni nani. Bi Marlys akanyoosha kidevu kuelekea juu ya lori.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kipaza sauti, kimewashwa, na watu kama mia tatu waligeuka kumtazama. Alijua kwamba mkaguzi anaandika. Akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye mabango.

“Sema tu, Bi Marlys. Ukoo wa Haverkamp hauna la kuficha.”

“Una hakika, Lowell? Mama yako aliniapisha nisiseme mpaka mwenye jina la Haverkamp aseme sawa.”

“Nimesema sawa. Dwight, andika, Mwenyekiti ameruhusu.”

Niliandika. Ilikuwa saa tano na dakika nne.

Basi Bi Marlys akasimulia, polepole, kama anayetandika kitanda. Mwaka ule wa mafuriko, August Haverkamp alikuwa kijana wa duka, miaka kumi na minane. Maji yalipopanda hadi kaunta alitafuta pa kupandia, akaingia kwenye pipa la kabichi ya kuchachushwa lililokuwa limejaa nusu. Pipa likaelea, likatoka mlangoni, likashuka Barabara Kuu na kijana ndani yake, kabichi hadi kiunoni, akipiga mayowe ya kumwita mama yake kwa Kijerumani. Mashua ilikuwepo kweli siku ile. Ilikuwa ya mwanamke Mweusi aliyefua nguo za watu, Odessa Pickens, na makasia alipiga yeye. Alikuwa ameshapandisha watu kumi na wanane juu ya paa la nyumba yake ya kufulia. August alikuwa wa kumi na tisa. Odessa alilitupia pipa kamba ya kuanikia nguo, akalivuta, akamtazama aliyemo.

“Akamwambia, ‘Toka humo wewe, hicho ni chakula cha watu,’” alisema Bi Marlys. “Na kweli walikila. Siku tatu juu ya paa, watu ishirini, kabichi ile ile.”

Mtu mmoja aliuliza ilikuwaje basi mashua na makasia vikawa vya August. Bi Marlys akajibu kwamba August mwenyewe alimsimulia Lucille, mkwe wake, uzeeni, na Lucille akaiandika yote kwenye karatasi. Mwandishi wa gazeti ndiye aliyekosea mwanzoni. August alimsahihisha mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa anagombea udiwani.

Kisha kule nyuma akainuka Mzee Cornell Pickens, fundi bomba mstaafu, aliyezibua nusu ya masinki ya mji huu. Alivua kofia. Akasema Odessa alikuwa bibi yake, na hakutia kabichi mdomoni tena mpaka alipokufa, wala hakuruhusu ipikwe nyumbani, na watoto wote walikua wakidhani ni mambo ya dini. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na mwenyewe Mzee Cornell alikuwa wa kwanza, huku akijifuta macho.

Ratiba ilionyesha uzinduzi wa sanamu saa tano na nusu. Mwenyekiti aliniinamia, akaninong’oneza tuahirishe. Nilimkumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni aliyoipitisha yeye, ratiba haibadilishwi bila taarifa ya siku kumi na nne. Turubai likavutwa. August wa shaba akatokea, kifua mbele, makasia mikononi, macho yakitazama mbali. Watu walimtazama yeye, wakalitazama pipa, wakamtazama yeye tena. Bibi mmoja aliyeketi mbele aliuliza, kwa nia njema kabisa, kabichi iko wapi.

Mkaguzi alikuwa na swali moja tu kwa Mwenyekiti. Alitaka kujua sanamu ya yule mama iko wapi. Mwenyekiti aliweka kipaza sauti chini, akashuka kwenye lori. Kwenye kumbukumbu zangu sehemu ya jibu iko wazi hadi leo.

Kamati ilikutana kwa dharura Jumatatu. Jimbo lilikuwa limekubali kutuingiza kwenye ramani kwa masharti mawili, mishale ibanduliwe na Bi Marlys arudi ndani na vitu vyake. Mwenyekiti hakuja, kura zilikuwa nne kwa sifuri. Barua ya kumrudisha nilimpelekea mimi, na sikuisoma kwa sauti. Nilimwambia tu kwamba nilikosea. Alinisogezea kiti. Mzee Cornell amepewa uenyekiti wa kamati ya sanamu ya bibi yake. Ile ya August hatukuibomoa, maana ni shaba nzuri, ila tumeibadilishia kibao. Sasa kinasomeka: MTU WA KUMI NA TISA.

Mheshimiwa Haverkamp hakuonekana kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuja makumbusho peke yake, bila tai, akaomba kuiona ile karatasi ya mama yake. Bi Marlys alimtolea kutoka kwenye droo. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi, kisha akauliza kama mama yake alikuwa akicheka alipoileta. Bi Marlys alimwambia alicheka hadi akashikilia meza. Mheshimiwa alibaki pale mpaka wakati wa kufunga.

Kesho yake akarudi. Wageni kutoka Omaha walikuwa wamelizunguka pipa, na mmoja wao akamuuliza yeye ni nani hapa. Nilikuwa karibu. Nilimsikia akivuta pumzi, nami nikajiandaa kunakili vyeo vyake vyote, ambavyo ni saba.

“Mimi ni mjukuu wa yule wa kwenye pipa,” alisema.

Walimwomba kupiga naye picha. Sasa haudhurii tena vikao, kwa hiyo katika ripoti ya robo mwaka sikuweza kumweka chini ya uongozi, na kwa kuwa halipwi sikuweza kumweka chini ya watumishi. Baada ya kushauriana na Bi Marlys nimemwandika chini ya vivutio. Anaonekana Jumatatu hadi Alhamisi, hana muda maalumu, na mgeni anaruhusiwa kumuuliza chochote.