Kukoroma Si Ajali

Kwa Mkuu wa Chuo cha Wahudumu wa Gari la Wagonjwa, Sandomierz

Bwana Mkuu mheshimiwa,

Mimi ni Eustachy Wrona, fundi saa mstaafu, baba wa mwanafunzi wenu Kinga. Nakuandikia kwa heshima zote, tena nikiwa nimekaa wima, maana nikijinyoosha tu naokolewa.

1. Tangu mmfundishe Kinga kufungua njia ya hewa ya mgonjwa, haamini tena kwamba mtu anaweza kukoroma kwa hiari yake. Jumapili nilisinzia kwenye kochi baada ya supu. Nikazinduka kichwa kimerudishwa nyuma, taya limesukumwa mbele, barakoa ya mpira imenibana pua na mdomo. "Tulia, Baba, ulimi umeziba!" Nikamjibu kwamba ulimi huo umekaa hapo miaka sitini na minane, ila ndani ya barakoa nilisikika kama ng'ombe. Akafurahi: "Safi! Anaanza kupata fahamu."

2. Mwanasesere wenu wa mazoezi, ambaye Kinga amemleta nyumbani, sasa anakalia kiti changu mezani. Mke wangu Leokadia amemvisha sweta yangu. "Huyu angalau hanung'uniki," anasema.

3. Padri alipokuja kubariki nyumba, Kinga alimkazia macho shingoni. "Padri, kwa shingo fupi hivi, kukuingiza mrija wa hewa kooni itakuwa shughuli." Padri alibariki sebule, akaaga. Chumba changu hakijabarikiwa hadi leo.

Kwa hiyo naomba chuo kipige marufuku kumgusa yeyote anayepumua mwenyewe, na wakoromaji tupewe vitambulisho vya kuvaa shingoni. Ikishindikana, Kinga ahamishiwe kozi ya kuoka keki.

Nisalimie walimu, madereva, na mpishi wenu.

Wako, ninayepumua bila msaada,
Eustachy Wrona

N.B. Kabla sijaituma barua hii, kipande cha soseji kilimkwama Leokadia kooni. Hakukohoa, hakutoa sauti, midomo ikawa ya zambarau. Mimi nilisimama na kijiko mkononi, nikiita jina lake. Kinga alimpiga mgongoni, wapi! Akamkumbatia kwa nyuma, akavuta ngumi juu ya kitovu, tena na tena, hadi soseji ikaruka na kugonga dirisha. Leokadia akavuta pumzi, akaniangalia. "Eustachy, weka hicho kijiko chini."

Futa yote niliyoandika hapo juu. Naomba tu kujua: kozi ya mwezi wa kumi inapokea wazee?