Protini za Michikichi ya Mama-mkwe

Jumapili, 3 Mei 1970

Kapolowe, kwa mama-mkwe, baada ya misa. Chakula kizuri, habari mbaya. Michikichi yake inaugua. Iko thelathini na mmoja nyuma ya nyumba, na marehemu baba-mkwe aliipanda yote kwa mkono wake. Hiyo ndiyo mawese ya nyumba ile, ndiyo sabuni ya nyumba ile, na ndiyo iliyomsomesha mke wangu Suzanne hadi akawa mwalimu. Sasa makuti ya baadhi ya miti yamekauka na kuvunjika, yananing'inia kando ya shina kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Mwanyumba wangu Zéphirin, aliyemwoa dada yake Suzanne, ni karani katika ofisi ya kilimo. Akafuta mdomo, akakohoa, akatangaza kwamba agronomu, bwana shamba wao, atakuja Jumamosi. Ugonjwa huo unaambukiza. Ikiwa hadi siku hiyo hakuna atakayeonyesha mti upi mgonjwa na upi mzima, itakatwa yote. Mama-mkwe, Mama Clotilde, akashika shavu.

Hapo nikafungua kinywa. Nikasema nitaionyesha mimi, kwa kupima protini.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kusema kweli, najua. Juzi nilinunua karanga sokoni Likasi, zimefungwa katika ukurasa wa jarida la wataalamu, na humo nikasoma kwamba mchikichi ukiugua protini zake hubadilika hata kabla jani halijageuka rangi. Ukurasa ulichanika palepale walipoanza kueleza namna ya kupima. Si kitu. Miaka kumi na miwili napima mawe ya shaba katika maabara ya kiwanda. Jani ndilo litakalonishinda?

Zéphirin akasema mbele ya wote: "Weye unajua mawe tu, Séraphin. Muti haiko jiwe." Akacheka hadi akapaliwa na ugali. Nilifurahi sana alipopaliwa.

Jumatatu, 4 Mei

Kazini. Wakati wa mapumziko nilimwendea Étienne, muuguzi anayepima mikojo ya watu zahanati. Nikamwuliza protini huonekanaje. Akasema ni rahisi: salfeti ya shaba na soda kali. Ukidondosha kwenye maji yenye protini, ile buluu inageuka zambarau. Pasipo na protini, inabaki buluu.

Salfeti ya shaba. Hapa Likasi hicho si kitu cha kutafuta, ni kitu cha kufuta kwenye viatu. Nimechukua kichupa kimoja tu kabatini. Mkuu wetu wa maabara, Bwana Georges, alikuwa akitazama dirishani.

Kwa hiyo zambarau ni mzima, buluu ni mgonjwa. Nimeanza kufikiria kadi ndogo yenye jina langu na chini yake: Mpimaji wa Michikichi. Nilimweleza Suzanne. Akasema nianze na mlango wetu wa nyuma, unaoliwa na mchwa tangu Krismasi. Sikumjibu.

Jumanne, 5 Mei

Nilitoka zamu saa tisa, nikapanda taxi-bus hadi Kapolowe. Damas, mzee anayemkatia mama-mkwe vichala vya ngazi, yaani chikichi, alitaka kupanda badala yangu. Nikakataa. Sampuli huchukuliwa na mtaalamu mwenyewe. Akanipa mkanda wake wa kupandia bila kubishana, akaenda kuchokonoa makuti ya chini kwa panga lake. Mzee yule hawezi kukaa bila kazi.

Miti mifupi haikunisumbua. Wa kumi na moja ulikuwa mrefu. Nikiwa juu kabisa, mama-mkwe akaja na kiti na ungo wa karanga, akakaa chini ya mti uleule.

Sisi watu wa Kasai, mwanamume hasimami hata mlangoni akisikia mama-mkwe anapita. Sembuse kumkalia juu ya kichwa, tena nimevaa kaptula. Kushuka mbele yake, haiwezekani. Kukohoa, haiwezekani. Na siafu nao wakanigundua. Nilikaa pale, nadhani, saa nzima, nimekumbatia shina na kuuma mkono wa shati.

Mwishoni akasema, macho yake kwenye karanga: "Muntu mwenye iko kule juu, ashuke. Minye niko naangalia barabara." Akageuza kiti, akanipa mgongo. Nikashuka. Wakati wa chakula hakuna aliyelitaja jambo hili. Nampenda sana mama yule, na siwezi kumwambia.

Sampuli thelathini na moja, kila moja ndani ya bahasha yake yenye namba. Kazi safi.

Jumatano, 6 Mei

Asubuhi tanuri la kukaushia mawe lilikuwa halina kitu. Nikaingiza majani, nyuzi joto mia na tano, kama tunavyofanya siku zote. Saa tano Bwana Georges akapita, akanusa, akauliza ni nani anayepika sombe, yaani kisamvu, maabarani. Nikasema harufu inatoka nje. Akatazama nje muda mrefu.

Kisha mikono yangu ikanisaliti. Kwetu behewa la mawe likifika, unachota kila upande, unasaga, unachanganya, unarundika, unagawa mafungu manne, unatupa mawili. Unarudia hivyo hadi unabaki na kiganja kimoja, na kiganja hicho ndicho kinachosema ukweli wa behewa zima. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili bila kufikiri, na leo pia nilifanya bila kufikiri. Nilipoinua kichwa nilikuwa na kiganja kimoja cha unga wa kijani, umechanganywa vizuri ajabu, na bahasha thelathini na moja tupu.

Nikapima hivyohivyo. Buluu. Nikaongeza dawa. Buluu zaidi. Kwa hesabu hiyo shamba zima ni wagonjwa. Niliketi juu ya ndoo.

Étienne akanieleza kwamba protini niliipika, kama mtu anavyochemsha yai, na iliyoiva haiyeyuki tena kwenye maji. Angeweza kuniambia Jumatatu.

Alhamisi, 7 Mei, Kupaa kwa Bwana

Sikukuu, hakuna kazi. Suzanne alikwenda misani na watoto. Mimi nilipanda taxi-bus ya kwanza hadi Kapolowe. Bwana alipaa, mimi sikupaa tena. Damas ndiye aliyenikatia majani mapya. Akataka kunionyesha kitu ndani ya kuti moja. Akasema: "Patron, jani haisemi. Angalia ndani ya fimbo yake." Nikamwambia sayansi haina muda wa kutazama fimbo, taxi-bus inaondoka.

Saa sita nilikuwa nyumbani. Safari hii hakuna tanuri, hakuna kuchanganya. Nikatwanga kila sampuli peke yake kwenye kinu cha Suzanne, nikachuja kwa kitambaa, nikatia katika chupa za bia zenye namba. Chupa thelathini na moja zimepangwa uani. Majirani walisimama kwenye ua kutazama, na wawili wakauliza kama bia inauzwa.

Nikadondosha dawa. Ya kwanza, zambarau. Ya pili, zambarau. Ya tatu nikaanza kuimba. Zote zambarau, hadi ya mwisho, hata ule mti uliokauka kama ufagio. Shamba zima ni wazima. Nilikuwa tayari kuandika barua kwa agronomu asijisumbue kuja.

Suzanne akarudi, akatazama uani, akauliza kwa nini kinu chake kimelowa. Alfajiri alikuwa ametwanga karanga ndani yake na hakuwahi kukiosha. Étienne, niliyemfuata mbio hadi kwake, akacheka hadi akashika ukuta. Karanga ni protini tupu. Nimepima karanga mara thelathini na moja.

Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini maabarani vipimo viwili vikitofautiana, hatuketi kulia. Tunachukua wastani. Kipimo cha kwanza, wote wagonjwa. Cha pili, wote wazima. Wastani ni wagonjwa kumi na tano na nusu. Nimelala kidogo baada ya chakula, moyo umetulia.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeandika orodha kwa karatasi ya kaboni, nakala mbili. Wagonjwa ni namba shufwa zote, yaani mti wa pili, wa nne, wa sita na kuendelea. Hao wanatimia kumi na tano. Ile nusu nimempa wa thelathini na moja, ambao uko pembeni na hauonekani sana kutoka barabarani.

Suzanne akaisoma. Baadaye akauliza polepole: "Numéro quatre nayo iko na bugonjwa?" Wa nne ndio mti ambao baba yake aliupanda wiki aliyozaliwa yeye. Nikasema wastani ndivyo unavyosema. Akatoka, akaketi nje, akanipa mgongo.

Nilibaki na orodha mezani. Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili hakuna anayelisoma. Kesho mama mzee atakatiwa miti kwa sababu mimi sikutaka Zéphirin acheke. Nilishika karatasi nichane. Kisha nikauona uso wa Zéphirin, jinsi utakavyokuwa nikifika mikono mitupu. Nikafuta namba nne, nikaandika tano. Nikaenda kumwonyesha Suzanne. Hakugeuka.

Jumamosi, 9 Mei

Agronomu alifika saa nne. Mtu mrefu, mpole, viatu vyenye matope ya kweli. Zéphirin nyuma yake na faili. Zéphirin akasema, kwa kuwa hakuna anayejua, watu wa shoka wapo tayari. Nikasogea, nikatoa orodha. Agronomu akaisoma yote. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, ile nusu ni nusu ya juu au ya chini.

Hapo mama-mkwe akamwita Damas. Damas akampeleka agronomu kwenye mti wenye alama ya mkaa, akasema alama hizo alianza kuziweka Jumanne, akapasua kitako cha kuti kwa panga. Ndani, nyuzi za kahawia. Akaenda kwenye mti usio na alama, akapasua. Ndani kweupe. Wakafanya hivyo shamba lote. Wenye kahawia walikuwa saba, na wote saba walikuwa na alama ya mkaa tayari. Mti wa Suzanne mweupe kama muhogo.

Agronomu akasema hata yeye asingeonyesha vizuri zaidi. Ikatwe hiyo saba, ing'olewe na mizizi, ichomwe, basi. Akaonya jambo moja, akalirudia mara mbili: ugonjwa huu unakaa ndani ya udongo, kwa hiyo pale inapong'olewa usipandwe mchikichi mwingine kwa miaka mingi.

Zéphirin akafunga faili. Akamwuliza mama-mkwe kwa nini hakusema mapema, ikiwa Damas alianza kuweka alama tangu Jumanne. Mama Clotilde akajibu akitazama upande mwingine, kwa adabu, lakini nilisikia: "Mukwe yangu alikuwa anatumika kazi na roho yote. Minye ningemukatisha juu ya nini?"

Suzanne akanipa maji ya kunywa. Anazungumza nami tena. Mchana tukala mioyo ya michikichi iliyokatwa, ile sehemu nyeupe laini ya kileleni, imepikwa na samaki, na sijawahi kula kitu kitamu kama hicho. Kisha nikalinganisha karatasi. Kati ya wale saba, wanne walikuwa kwenye orodha yangu. Nikamwonyesha Zéphirin. Si haba, kwa kipimo cha kwanza.

Jumapili, 10 Mei

Tulilala Kapolowe. Leo hewa baridi, jua zuri, moshi wa miti saba unapanda polepole nyuma ya nyumba. Ishirini na minne imesimama. Mama-mkwe alinitumia chupa ya mawese kupitia kwa mtoto, ikiwa na ujumbe kwamba ni yangu, si ya Suzanne. Sina ninachodai duniani.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Mashimo. Saba, ardhi nzuri imechimbwa, imelegea, ina majivu. Shimo zuri kama hilo kulala bure ni hasara, na agronomu ni mtu wa vitabu, anajua udongo wa mahali pote lakini si wa hapa. Kando ya shimo la mti uliokuwa mgonjwa kuliko yote nilikuta miche saba ya michikichi, imejiotea yenyewe, mibichi, imara. Saba kwa saba. Wote walipokuwa kanisani nimeipanda, mmoja kila shimo, nikamwagilia. Mama-mkwe nitamwambia itakapofika kifuani mwangu, iwe zawadi.