Kamati ya Kukomaza Majibu

Uongozi wa hospitali yetu ulikuwa na fahari kubwa kuutangazia umma kwamba, kwa maslahi ya taifa, hakuna bakteria atakayeruhusiwa kutoa majibu kwa haraka.

Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Kukomaza Majibu, kwa hiyo nitaeleza. Zamani tuliwaotesha bakteria kwa siku kadhaa ndipo tujue dawa ipi inawaua. Utaratibu safi, wenye posho. Mara mtaalamu wetu wa maabara, dada asiyejua itifaki, akaleta njia mpya: anawapa bakteria chakula, rangi na dawa, kisha anawachungulia mezani.

"Dawa ikiwaweza, wanasusa kula, maji yanabaki ya buluu," alisema. "Isipowaweza, wanafakamia, maji yanageuka waridi. Asubuhi unaleta, mchana jibu unalo."

Mkurugenzi alishtuka. "Sasa Kamati itasubiri nini?"

Swali zito. Tukaazimia kila jibu lifungiwe kabatini hadi likomae. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa akapaza sauti dirishani: "Jibu lipo, dawa ipo, mnakomaza nini? Ndizi?" Tulimshukuru kwa maoni yake.

Ndipo Mkurugenzi akaota jipu. Lilikaa kwenye kalio, upande anaoutumia zaidi kikazi. Dawa ya kwanza haikufua dafu, na ya pili ilichekwa na bakteria. Usaha ukapelekwa kupimwa. Akaingia maabara akitembea kama bata.

"Dada yangu, usaha wangu umesemaje?"

"Umeshasema, bosi. Jibu limo kabatini, linakomaa."

"Lifungue!"

Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba kabati hufunguliwa kwa azimio la Kamati, na mwenyekiti wa Kamati ni yeye.

"Basi nitaongoza nimesimama."

"Kikao ni kukaa, mheshimiwa. Ukisimama, huo ni msimamo."

Yule mama, aliyekuwa kwenye foleni mlangoni, akamsogezea kiti cha mbao. "Karibu, baba. Sisi tumekaa wiki nzima."

Mtaalamu akatoa hoja: majibu ya wagonjwa wote yatoke sasa hivi, kwa kufuata foleni, na Kamati ivunjwe. Mkurugenzi akaangalia kiti. Akamwangalia mtoto, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Akafumba macho, akakaa.

Ukelele ule ulisikika hadi wodi ya wazazi. Kwenye kumbukumbu za kikao nimeuandika kuwa ni kura ya ndiyo.